Makopo Sita ya Mtani

Kwa aliyelikosa gazeti la Jumapili iliyopita, nitarudia somo kwa ufupi, kama nifanyavyo darasani kwa mtoto aliyekuwa amelala na homa.

Mimi ni Mwalimu Justus, Mhaya wa Ziwa Magharibi, niliyeletwa kufundisha shule ya msingi Itetemia, nje kidogo ya mji wa Tabora. Mwaka ule wa 1974 nilipeleka posa kwa Getruda binti Mahona, mkulima wa karanga na mwimbaji wa kwaya. Hakunikataa, wala hakunikubali. Alisema jibu analo, ila litatoka siku atakayovaa buti za mgambo.

Buti hizo ndizo zilizokuwa na mgogoro. Bwana Limbu, Mshauri wa Mgambo, aliamini kwa moyo mmoja kwamba mwanamke katika kambi ya mgambo ana kazi moja tu, nayo iko jikoni. Getruda na wenzake watano walimwendea mara tatu kuomba wafundishwe gwaride kama wanaume. Mara ya tatu aliwasikiliza mpaka mwisho, akawashukuru kwa uzalendo wao, akawaonyesha lilipo sufuria la ugali.

Ndipo alipotua Bwana Kondo, Mzaramo wa Dar es Salaam, na kamera ya serikali begani. Ofisi yake ilimtuma atengeneze sinema ya kuchekesha, ya kikosi cha polisi wanawake pekee kinachowafukuza wafanya magendo, ili gari la sinema liizungushe vijijini. Kamati ya mgambo ya mkoa ikaahidi kwamba itaitazama, na ikiwaona wanawake hao wanafaa, kina Getruda watapewa mafunzo, magwanda na buti.

Kwa hiyo maisha yangu yalikaa katika mstari mmoja ulionyooka: bila filamu, hakuna buti, bila buti, hakuna jibu.

Sinema za aina hiyo mnazijua. Moja ilikuwa imeonyeshwa mjini miezi miwili kabla, kutoka ng'ambo, nasi tuliitazama tukiwa tumejaa kwenye mabenchi. Wasichana sita wa polisi wanaruka kutoka juu ya paa, na wakitua nywele zao zimekaa vilevile zilivyochanwa asubuhi. Mkuu wao ni mwanamume mwenye masharubu anayewafokea mwanzo wa picha, kisha mwisho wa picha anafungwa kamba kwenye kiti na kuokolewa na walewale aliowafokea. Mmoja kati yao lazima awe anakula kila anapoonekana. Mwingine lazima avae miwani, nayo lazima ianguke wakati wa hatari.

Bibi Mwanamkuu, mpika maandazi wa mjini na mwenzake Getruda, aliitazama picha hiyo kwa makini sana. Tulipotoka aliniuliza mambo mawili. Kwanza, watoto wa askari hao wanabaki na nani. Pili, kwa nini wale majambazi wanakuja kupigwa mmojammoja kama wagonjwa wanaosubiri sindano.

Bwana Kondo aliitaka picha ya namna hiyohiyo, ila iwe yetu. Tawi la chama lilikwisha kutoa neno juu ya suruali za kubana, kwa hiyo kikosi chetu kilivaa mashati ya kaki yaliyoazimwa kwa maskauti juu, na vitenge chini. Mwanamkuu alipewa nafasi ya yule anayekula. Alikubali kwa sharti kwamba chakula chenyewe kiwe cha kweli.

Mkuu wa magendo alikosekana. Hakuna mwanamume wa Itetemia aliyekubali kuangushwa chini na mwanamke mbele ya kamera, maana picha ingefika mpaka Usinge, na kila mmoja alikuwa na mkwe huko. Nikakubali mimi, ambaye mkwe nilikuwa bado namtafuta. Katika siku nane niliangushwa mara kumi na nne. Mara tatu kati ya hizo kamera haikuwa imewashwa.

Tulikomea hapo wiki iliyopita. Sasa tuingie katika Jumamosi ya mwisho, na naomba mnisome kwa subira, kwa sababu kosa ninalokwenda kulieleza ni langu mwenyewe kuanzia herufi ya kwanza.

Tendo la mwisho tulilipiga kwenye njia ya zamani ya misafara, upande wa Kwihara. Mimi nilikuwa mbele juu ya baiskeli ya shule, nyuma yangu nimefunga gunia la sukari ya magendo, ambalo kwa hakika lilikuwa la pumba. Kikosi kilikuwa nyuma yangu juu ya mkokoteni wa maksai wawili. Nilikuwa nimeuandika mpango mzima wa tendo hilo katika hatua kumi na moja, nakala moja kwa kila askari. Kulingana na hatua ya pili, mkokoteni ungeanza polepole.

Katika kuuandika mpango huo nilimfikiria kila mtu. Maksai sikuwafikiria. Harufu ya pumba ilipowafikia hawakuanza polepole.

Nilisikia kishindo nyuma yangu, nikageuka, nikaona pembe nne. Kuanzia hapo sikuigiza tena. Nilikanyaga pedali kama mtu anayefuatwa na dhambi zake zote. Mkokoteni uliacha njia ukaingia shambani, askari wanne wakiwa wameng'ang'ania ubao na Getruda amesimama katikati yao akipuliza filimbi. Mwanamkuu alirushwa nje kwenye tuta la kwanza, akatua kwa miguu miwili akiwa bado na andazi mkononi, akakata kona mbele yangu na kuudaka mpini wa baiskeli. Baiskeli ilisimama. Mimi niliendelea.

Nilipoinua kichwa kutoka kwenye majani ya karanga, maksai walikuwa wanakula ushahidi, Getruda amenisimamia kichwani, na Bwana Kondo anapiga picha huku machozi yanamtiririka. Kamera ikakata yenyewe. Mkanda wa mwisho ulikuwa umekwisha, na hakuwa na mwingine.

Halafu tukasikia sauti ngeni. Alikuwa Bwana Limbu, aliyekuja kutazama. Alikuwa anacheka, na wengi wetu siku hiyo ndiyo kwanza tuliyaona meno yake. Alipopata pumzi alijifuta uso na leso, akasema kwa sauti ya kiserikali, "Wakionekana hivi mbele ya kamati, nitawapima miguu mimi mwenyewe."

Getruda aliitoa filimbi mdomoni. Aliinama akaniondolea jani la karanga kwenye ukosi wa shati, akalitazama kidogo, akaliweka mfukoni mwake.

Saa nne ya asubuhi hiyo sikuwa na sababu ya kumwonea wivu mtu yeyote katika mkoa mzima. Hali hiyo ilidumu mpaka saa saba.

Garimoshi la pwani lilikuwa liondoke jioni, na Mwanamkuu alikuwa amemwandalia mgeni chakula cha kumuaga nyumbani kwake mjini. Bwana Kondo aliacha mizigo yake uani, juu ya mkeka, akaenda msikitini kuswali adhuhuri. Kina mama sita wakabaki na mizigo. Mimi nikabaki na kina mama.

Hapa inanipasa kueleza jambo la utani. Tangu enzi za misafara, wapagazi wa Unyamwezi walipokuwa wakiteremka pwani na mizigo vichwani kupitia Uzaramo, makabila hayo mawili yalifungana kwa utani. Mnyamwezi na Mzaramo hutukanana asubuhi na jioni, hunyang'anyana vitu, na anayekasirika ndiye mwenye kosa. Kwa siku nane Bwana Kondo alikuwa amefaidi haki hiyo bila huruma. Alimwuliza Mwanamkuu kwa nini hambebei kamera kichwani, wakati babu yake alizoea kuwabebea pembe babu zake Kondo. Mwanamkuu akamjibu kwamba ni kweli babu yake aliifikisha pembe pwani, na huko alimkuta babu yake Kondo amelala mchangani, anasubiri mtu wa bara aje amweleze kuwa ile ni pembe ya mnyama gani.

Sasa mtani wao anaondoka. Na mtani anayeondoka na kila alichokuja nacho ametukanwa kweli, kwani maana yake ni kwamba hakupendwa. Lazima kitu chake kikamatwe, naye akikomboe kwa ahadi. Kina mama walifanya kikao. Viatu alikuwa amekwenda navyo. Kofia alikuwa nazo mbili, asingeumia. Kamera Getruda alikataa isiguswe. Ndipo macho yao yakatua kwenye makopo sita ya bati yaliyofungwa kwa utepe mweusi, ambayo Bwana Kondo hakuyaacha mbali naye hata usiku mmoja. Kitu ambacho mtu analala nacho, akasema Mwanamkuu, ndicho cha kukamata. Yafichwe kwenye pipa la unga hadi mtani aahidi kanga sita za Dar es Salaam.

Wakaniuliza mimi niliyesoma kama ni sawa.

Nilijibu kwamba desturi inaruhusu. Lau ningenyamaza hapo, leo nisingekuwa na la kuwaandikia. Lakini nikaongeza kwamba desturi bila kumbukumbu huzaa ugomvi, na kwamba kila kitu kinachokamatwa sharti kiorodheshwe pamoja na hali yake, ili mwenyewe asije kudai kimerudishwa kikiwa kibovu.

Nikatoa daftari. Nikapiga mistari kwa rula. Namba, kitu, hali yake, maelezo. Nikaandika "kopo la kwanza", kisha kalamu ikasimama kwenye hali yake. Mtu mkweli anaandikaje hali ya kitu ambacho hajakiona?

Nikaanza kuubandua utepe.

Getruda aliniuliza kama picha hazitaharibika. Nilimweleza kwa sauti niitumiayo kwa darasa la tano. Nilisema picha huumbwa na mwanga, na kilichokwisha kuumbwa na mwanga hakina cha kuuogopa mwanga, kama vile nguo iliyokwisha kutiwa rangi isivyoiogopa rangi. Akatikisa kichwa kukubali. Wote sita wakanisikiliza kwa heshima, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko jambo lolote: walinisikiliza.

Ilikuwa saa saba, jua liko utosini, ua hauna hata kivuli cha kuku. Ndani ya kopo mlikuwa na mfuko mweusi wa karatasi. Nikaufungua. Ndani ya mfuko mlikuwa na gurudumu la mkanda. Nikalikunjua kiasi cha dhiraa mbili, nikalielekeza juani nione kama lina mikwaruzo. Halikuwa na mikwaruzo. Halikuwa na mtu pia, wala maksai, wala mimi. Lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikaandika kwenye safu ya nne: "Picha hazijaonekana. Huenda bado mbichi."

Nikarudia vivyo hivyo kwa kopo la pili, na la tatu, mpaka la sita. Sikuruka hata moja. Kisha nikayafunga yote kwa utepe uleule, nikayatia namba kwa chaki, tukayafukia kwenye pipa la unga.

Bwana Kondo aliporudi alimtazama Mwanamkuu usoni, akajua. Alizunguka mizigo yake akihesabu kwa kidole, akayakosa makopo, akapiga magoti juu ya mkeka na kuanza kulia kwa uongo. Aliwaita wezi wa misafara. Wakamwita mlala mchangani. Akaahidi kanga moja; wakakaa kimya. Akaahidi tatu, Mwanamkuu akapiga mwayo. Alipofika sita, makopo yakafukuliwa na kupanguswa, vigelegele vikapigwa, na mimi nikasogea na daftari ili mwenyewe atie sahihi kwamba amepokea.

Alisoma huku bado anacheka. Alipofika kwenye safu ya nne kicheko kikapungua, kama taa inayoishiwa mafuta.

"Mwalimu," akasema, "hizi picha ambazo hazijaonekana, ulizitafutia wapi?"

"Ndani ya makopo."

"Ukiwa wapi?"

"Hapa uani."

Akaliangalia jua. Akayaangalia makopo. "Yote?"

"Yote," nikasema. "Kwa mpangilio."

Akakaa chini. Akatueleza kwa utulivu, kama mtu asomaye barua ya msiba, kwamba mkanda ambao bado haujasafishwa kwa dawa huko Dar es Salaam ukipigwa na jua hufutika wote, na kwamba siku zetu nane sasa ni nyeupe. Mkokoteni umefutika. Mwanamkuu na andazi lake wamefutika. Kucheka kwa kamati kumefutika kabla ya kamati kukutana.

Nilimtazama usoni, nikaona hasira ikitafuta njia ya kutokea na kuikosa. Mzaramo hawezi kuwakasirikia Wanyamwezi. Alijaribu kucheka, sauti ikamkatikia njiani.

"Watani zangu," akasema, "mmeniua, na hata kulia siruhusiwi."

Kisha akauliza nani aliyefungua. Alisema anauliza kwa sababu moja tu. Ikiwa ni watani wamefungua, basi ni utani uliopita kipimo, naye atajua la kuwaambia wakubwa wake. Utani haupelekwi polisi. Lakini ikiwa ni mtu mwingine, hiyo ni mali ya umma. Aliposema mtu mwingine alinitazama mimi. Kila mtu uani pale alijua kwamba Mhaya na Mzaramo hawana utani. Babu zetu hawakuwahi kukutana. Sisi tumejuana baada ya uhuru.

Getruda aliwahi. "Tumefungua sisi, watani wako."

"Sisi," wakasema wale watano.

Nikafumbua kinywa kusahihisha. Mwanamkuu, bila kunitazama, akakijaza andazi.

Jambo lingeishia hapo, kwa aibu na kwa kanga sita. Lakini wakati huohuo Landrova ilisimama nje, na Bwana Limbu akaingia kumchukua mgeni ampeleke stesheni. Tukamwamkia, shikamoo za watu wanane zikitoka kwa pamoja. Aliitikia marahaba moja, akatazama nyuso zetu, akauliza amekufa nani. Bwana Kondo akalazimika kueleza.

Bwana Limbu aliuliza swali lilelile, na kina mama wakatoa jibu lilelile.

Hakufoka. Afadhali angefoka. Alitoa kijitabu mfukoni akaandika polepole, akisema kila neno anapoliandika, kwamba watu walioshindwa kulinda makopo sita kwa muda wa sala moja wanaomba walinde kata nzima. Akasema kamati haihitaji tena sinema. Aliyasema hayo kwa huzuni, nadhani kwa sababu asubuhi alikuwa amecheka.

Andazi lilikuwa kubwa, lakini nililimeza. Nikajikuta nimeinua mkono, kama mwanafunzi.

"Ni mimi, Bwana Mshauri," nikasema. "Wao walichukua. Aliyefungua ni mimi. Orodha hii hapa, na mwandiko ni wangu."

Getruda alifumba macho.

Bwana Limbu aliisoma orodha yote, namba kwa namba. Akasema mwandiko ni mzuri. Akaniuliza kama mimi ni Mnyamwezi. Nikasema hapana. Akaniuliza kama upande wa mama nina hata chembe ya Unyamwezi, na sauti yake ilikuwa karibu ya kunisihi. Nikasema upande wa mama ni Wahaya zaidi.

"Basi huu si utani," akasema. "Huu ni uharibifu wa mali ya umma, na mwenyewe amekiri mbele ya mashahidi."

Akakifumba kijitabu. Halafu akamgeukia Getruda, na nilipoona jinsi anavyomtazama nilijua kwamba amepata wazo, na kwamba halitanipendeza.

"Mimi hapa sina askari," akasema. "Asubuhi nimekuona ukimfukuza mwizi wa mchezo, na picha yake imepotea. Huyu ni mkosaji wa kweli. Mkamate. Mpelekeni kituo cha polisi kwa miguu, ninyi sita, kupitia katikati ya mji, bila kumwonea na bila kumwonea haya. Mimi nitakwenda nyuma kwa gari. Nitakachokiona ndicho nitakachowaandikia kamati."

"Na nikikataa?" Getruda akauliza.

"Nitaandika hilo pia."

Mwanamkuu akaweka chini bakuli alilokuwa ameshika. Bwana Kondo alitaka kusema neno, akaona si zamu yake. Mimi nilipiga hesabu yangu ya mstari mmoja, na kwa mara ya kwanza ikanipa majibu mawili. Akinikamata, atavaa buti, na aliyemposa atakuwa rumande. Asiponikamata, mimi nitakuwa huru, naye atarudi sufuriani, pamoja na wenzake watano waliomwamini.

Getruda alijipangusa unga mikononi. Kisha akajifunga upya kitenge chake kiunoni, akawaambia wenzake wajipange. Wakajipanga. Sikuwahi kuuona mstari wao ukinyooka namna ile katika siku zote nane za kupiga picha, na mimi ndiye niliyewafundisha kujipanga.

Akaja hadi mbele yangu. Miezi kumi na moja ilikuwa imepita tangu nipeleke posa, na katika miezi hiyo yote hakuwahi kuniita jina lolote ila Mwalimu, hata tulipokuwa wawili tu.

"Justus," akasema. "Simama. Toa mikono."

Sikujua kama nimekamatwa au nimejibiwa. Nikasimama, nikaitoa yote miwili.